Askari na Wasiwasi wa Moyo



Kazi ya askari ni kuikabili hatari ambayo raia huikimbia. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba askari wa kweli hana hofu wala wasiwasi. Dhana hiyo si sahihi, na tena ina madhara. Mtu aliyeshika silaha naye hayajui yaliyomo moyoni mwake ni hatari kwa wenzake, kwa jamaa zake na kwa nafsi yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa askari aliye lindoni usiku huko Jinja, karibu na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Maji ya Nile yanavuma, giza limetanda, majani yanatikisika. Ghafla moyo wadunda, viganja vyatoka jasho, pumzi inakuwa fupi. Huo si uoga. Ubongo umehisi hatari, na tezi zilizo juu ya figo zimemimina katika damu kemikali iitwayo adrenalini, ili mwili uwe tayari kupigana au kukimbia. Hicho ni king'ora cha mwili. Lakini king'ora huweza kulia hata pasipo mwizi, na wapo ambao chao hakinyamazi hata wakiwa nyumbani kitandani.

Afanye nini basi? Mlinzi aonapo mtu gizani hakurupuki kumpiga risasi, wala hajifanyi hakumwona. Humsimamisha na kumtaka ajitambulishe. Wasiwasi nao usimamishwe vivyo hivyo. Kwanza, askari atambue mwili wake unamwambia nini. Pili, autaje wasiwasi huo kwa jina: je, ni hofu ya adui, au ni ada ya watoto shuleni? Tatu, atenge yale aliyoyaona kwa macho na yale anayoyadhani tu. Kisha avute pumzi taratibu, na kuitoa taratibu zaidi. Moyo hutulia, na akili hurejea kazini.

Jambo hili si geni kwetu. Huko Mbale, Wamasaba huwatahiri vijana wao katika jando liitwalo imbalu, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana husimama wima mbele ya watu bila kutikisika. Lakini hafikishwi mbele ya kisu kwa ghafla. Kabla ya hapo hucheza ngoma kwa siku nyingi, huwazungukia jamaa, na wazee humweleza waziwazi yanayomngoja. Hofu yake inajulikana na wote, naye huizoea kabla ya siku yenyewe.

Upo pia wasiwasi unaokuja baada ya kazi kwisha. Mwezi wa Machi mwaka 2010, mlima uliporomoka na kukifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na watu zaidi ya 100 walikufa. Mwishoni mwa Julai mwaka 2022, mafuriko yaliua watu mjini Mbale kwenyewe. Askari walikuwa miongoni mwa waliotafuta maiti katika matope. Mtu aliyefukua maiti ya mtoto asishangae akikosa usingizi, akishtuka ovyo, au akikasirika bila sababu. Jeraha hilo halionekani, lakini ni jeraha.

Zamani majeshi hayakulielewa vyema jambo hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake zaidi ya 300 kwa makosa kama kutoroka na uoga. Bila shaka baadhi yao walikuwa wagonjwa wa mshtuko wa vita. Msamaha ulitolewa mwaka 2006, wakati wote walikwisha kuwa kaburini.

Sisi tusingoje hivyo. Pombe haiondoi wasiwasi; huulaza usiku, nao huamka asubuhi ukiwa na nguvu zaidi. Hali ikidumu kwa majuma kadhaa, mweleze mwenzako unayemwamini, mkubwa wako wa kazi, au mganga wa kambi. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina wahudumu wa maradhi ya akili. Nanyi makamanda, askari akija kusema, msikilizeni bila kumcheka. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Askari husafisha bunduki yake kila siku na kuikagua. Na aukague moyo wake pia, maana ndio unaoamuru kidole kilicho juu ya kifyatulio.