Jicho Linapojifanya Ubongo

Mzazi wa Kabuga, Rwanda, ambaye mtoto wake ameanguka na kupoteza fahamu darasani mara mbili hana safari ndefu. Hospitali ya Ndera, inayotibu magonjwa ya akili na ya neva, iko wilaya hiyohiyo ya Gasabo. Mtoto akiandikiwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, atapakwa jeli, abandikwe elektrodi kichwani, kisha aambiwe atulie. Wazazi wengi huogopa kwamba atapigwa shoti. Hapana. Mashine haiingizi umeme wowote; inasikiliza tu ule uliomo.

Na inachosikiliza ni kidogo mno. Mawimbi ya ubongo yakifika kwenye ngozi ya kichwa huwa na mikrovolti 10 hadi 100 hivi, wakati betri ndogo ya rimoti ina mikrovolti milioni moja na nusu. Mashine yenye sikio kali kiasi hicho husikia kila jirani, na jirani mwenye kelele kubwa ni jicho.

Jicho lenyewe ni betri. Konea, kioo cha mbele, ina chaji chanya ukiilinganisha na retina iliyo nyuma. Emil du Bois-Reymond wa Ujerumani aliligundua hilo mwaka 1849 kwa jicho la samaki, miaka 75 kabla Hans Berger hajanasa mawimbi ya ubongo wa binadamu kule Jena mwaka 1924. Mtu anapopepesa, kope huteleza juu ya konea na kuusambaza umeme wake hadi kwenye paji la uso. Kwenye rekodi ya EEG, mistari ya elektrodi za mbele hubonyea ghafla, mara nyingine kwa kina kinachoupita ubongo wote.

Sasa mfikirie mtoto mwenye woga, kope zikimchezacheza. Mawimbi makubwa ya polepole yanajaa upande wa mbele, na msomaji mwenye haraka anaweza kuyaita ugonjwa. Kosa hilo ni zito. Mtoto atameza dawa kila siku kwa miaka, na jina la kifafa, igicuri kwa Kinyarwanda, litamfuata shuleni hadi kwenye posa.

Dawa ya kosa hili ni rahisi, nami nasikitika kila inapoachwa: elektrodi mbili za ziada, moja juu ya jicho na nyingine chini yake. Jicho likipanda, konea huisogelea ya juu na kuiacha ya chini, hivyo mistari miwili huenda pande zinazopingana. Wimbi likitoka ubongoni, yote miwili huelekea upande mmoja. Mwenye jicho moja la bandia huonyesha jambo hili waziwazi: akitazama juu, upande wa jicho zima unaruka, wa pili umetulia.

Zipo programu za kompyuta za kuchuja mawimbi ya jicho, lakini zikitumiwa ovyo huondoka na ya ubongo pia. Naamini zaidi mtaalamu aliyekaa kando ya kitanda. Husema kwa Kinyarwanda, "Funga amaso," yaani funga macho, na mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, huchomoza kisogoni. Husema, "Fungura amaso," yaani fungua macho, nayo hutoweka. Kila mara huandika papo hapo kwenye rekodi alichosema na alichokiona usoni, kwa kuwa daktari atakayeisoma kesho hatamwona mtoto akipepesa.