Kutoka Øresund hadi Busia: safari ya kiangazi yenye somo la mpaka

Julai 1, 2000, Denmark na Sweden zilifungua daraja la Øresund, linalounganisha Copenhagen na Malmö. Siku sita baadaye, Julai 7, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika kati ya Kenya, Tanzania na Uganda. Kule lilifunguliwa daraja la chuma na zege. Huku ilianza kutekelezwa ahadi ya maandishi kwamba mkulima wa Tororo na mnunuzi wa Busia wangefanya biashara bila kuzuiwa na mstari uliochorwa na wakoloni.

Zaidi ya miongo miwili imepita. Mfanyabiashara anayepita Busia kila wiki ana haki ya kuuliza wenzake wa kaskazini mwa Ulaya wamefika wapi, na walifikaje.

Chukua mfano wa mume na mke wa Nabuyoga, wilayani Tororo, wanaonunua karanga na wimbi kwa wakulima na kuvusha mzigo Busia kwenda kuuza Kenya. Wakijaliwa kutembea Skandinavia wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, wataona mandhari ambayo watalii wa dunia nzima huyafuata. Lakini jicho la mtu wa mpakani litaona na mengine.

Mlango wa kwanza ni viza, na mlango huo ni mzito. Ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na mwombaji lazima awe na bima ya matibabu ya euro 30,000 au zaidi, pamoja na ushahidi wa fedha za kujikimu. Lakini akishaipata, viza hiyo moja ya Schengen humfikisha Denmark, Sweden, Norway na Finland kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Kwa upande wetu, tangu 2014 mtalii wa kigeni anaweza kuzuru Kenya, Uganda na Rwanda kwa viza moja ya dola 100 inayodumu siku 90. Raia wa nchi hizo tatu nao wanaweza kuvuka mipaka yake kwa kitambulisho cha taifa.

Copenhagen itawapokea kwa mwanga. Busia jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Kule, mwezi wa Juni, huzama karibu saa nne usiku, na watu hukaa nje kando ya mfereji wa Nyhavn, kwenye nyumba ndefu za rangi nyekundu, njano na buluu. Baiskeli ni nyingi kama bodaboda za Busia, ila zina njia zake na taa zake za barabarani.

Kutoka hapo, treni ya Malmö huingia kwenye tuneli ya kilomita nne chini ya bahari, hutokeza kwenye kisiwa cha Peberholm kilichotengenezwa na binadamu, kisha hupanda daraja lenye urefu wa karibu kilomita nane. Magari hupita juu, treni hupita chini. Chini ya saa moja abiria yuko nchi nyingine, na wako watu wanaolala Malmö na kufanya kazi Copenhagen.

Hali hiyo haikuja kwa siku moja. Nchi za Nordiki ziliunda Baraza lao mwaka 1952, na mwaka huohuo raia wake wakaanza kutembeleana bila pasipoti. Mwaka 1954 wakaruhusiwa kufanya kazi popote katika nchi hizo. Mkataba wa kuondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka ya ndani ulitiwa saini 1957. Daraja lilifuata zaidi ya miaka 40 baadaye. Walianza na haki za mtu anayevuka, kisha wakajenga.

Kutoka Malmö treni huwapeleka Stockholm, mji uliojengwa juu ya visiwa 14, mahali ziwa Mälaren linapomwaga maji yake kwenye Bahari ya Baltiki. Mtu aliyezoea mawimbi ya Ziwa Viktoria atashangaa kuona feri zikitumika kama matatu, zikishusha wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha jioni.

Lakini mahali ambapo wenyeji wa Busia watajiona kama kwao ni mbali zaidi kaskazini, baada ya safari ya takriban kilomita 1,000 kupita misitu ya misonobari. Huko iko miji miwili iliyogusana: Haparanda upande wa Sweden na Tornio upande wa Finland. Karibu na siku ndefu kuliko zote mwezi wa Juni, giza halifungi kabisa.

Miji hiyo ina historia inayofanana na yetu. Hadi 1809, Finland ilikuwa sehemu ya ufalme wa Sweden. Baada ya kushindwa vitani, Sweden iliikabidhi Urusi, na mpaka ukawekwa kwenye mto Torne. Tornio ikaangukia upande wa pili, nao Wasweden wakajijengea Haparanda. Huku kwetu, kabla ya 1902, Uganda ilifika hadi Naivasha. Uingereza ilipohamishia jimbo la mashariki la Uganda kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya, mpaka ukasogea hadi huku magharibi. Wasamia na Wateso wakajikuta na ndugu pande zote mbili, na Busia ikawa miji miwili yenye jina moja.

Haparanda hutumia krona na Tornio hutumia euro. Saa za miji hiyo zinapishana kwa saa moja, kiasi kwamba mwaka mpya huweza kusherehekewa mara mbili usiku mmoja. Duka kubwa la IKEA lilipofunguliwa Haparanda mwaka 2006, wanunuzi walitoka pia Finland, Norway na Urusi. Mpaka wenyewe ukawa sababu ya watu kuja.

Sarafu nayo ina hadithi ya kufundisha. Denmark na Sweden ziliunganisha sarafu zao mwaka 1873, Norway ikajiunga 1875, na mpango ukavunjwa na Vita Vikuu vya Kwanza. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na shilingi yake moja kuanzia miaka ya 1920 hadi baada ya uhuru. Leo Mdenmark, Mswidi na Mnorwe kila mmoja ana krona yake, na bado biashara yao inakwenda. Wabadilishaji fedha wa Busia wanalijua hilo vizuri: sarafu mbili ni usumbufu, lakini kinachokwamisha mzigo mara nyingi ni kingine.

Norway ndiyo inayoonyesha hicho kingine ni nini. Kwa uzuri, nchi hiyo haina mfano. Treni ya kutoka Oslo kwenda Bergen hupanda hadi nyanda zenye theluji hata wakati wa kiangazi. Katika stesheni ya Myrdal, njia nyingine hushuka kilomita 20 hadi Flåm, kwenye tawi la Sognefjord, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu zaidi ya kilomita 200 na wenye kina kinachozidi mita 1,300. Mlima Tororo, ukiusimamisha ndani ya maji hayo, usingeonekana kilele, kwani kutoka chini yake hadi juu ni mita chache mia kadhaa.

Pamoja na hayo, Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Wananchi wake waliukataa kwa kura mwaka 1972 na tena 1994. Kwa hiyo kati yake na Sweden kuna mpaka halisi wa forodha, na mume na mke wetu watauona Svinesund, wakirudi kusini kutoka Oslo kwa basi.

Hapo daraja jipya lilizinduliwa Juni 2005, miaka 100 baada ya Norway na Sweden kutengana bila vita. Wanorwe humiminika upande wa Sweden kununua nyama, jibini, vinywaji na tumbaku, kwa sababu kwao ni ghali. Wana neno lao la utani kwa ununuzi huo: harryhandel. Wakulima na wenye maduka wa Norway hulalamika, kama wanavyolalamika wenzao wa huku sukari au mayai ya jirani yanapoingia kwa bei ya chini.

Mnorwe anayerudi anajua kiwango kabla hajatoka nyumbani: nyama na jibini kutoka Sweden, jumla isizidi kilo 10 kwa mtu. Kwa malori, Norway na Sweden zilikubaliana tangu 1959 kwamba maofisa wa forodha wa upande mmoja wanaweza kufanya kazi ya upande wa pili. Mpaka wao una urefu unaozidi kilomita 1,600, lakini dereva husimama mara moja.

Hapo ndipo Busia inapoingia. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa Februari 24, 2018 na Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta. Kanuni yake ni ileile ya Svinesund: anayetoka Uganda hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Kenya, na anayetoka Kenya huzikamilisha upande wa Uganda. Denmark, nchi ya lile daraja la Øresund, ni miongoni mwa wafadhili wa TradeMark Africa, zamani TradeMark East Africa, shirika lililosaidia kujenga vituo vya aina hii.

Kwa wafanyabiashara wadogo, ambao wengi wao ni wanawake, uko pia Utaratibu Rahisi wa Biashara. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Hauondoi kodi nyingine wala ukaguzi wa afya ya mimea. Asiyejua tofauti hiyo hudhani amedanganywa, hukimbilia njia za panya, na huko hulipa kwa rushwa au kwa mzigo wenyewe.

Tofauti kubwa kati ya Busia na Svinesund, basi, haipo kwenye jengo. Ipo kwenye uhakika. Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama. Siku chache baadaye mahindi yakaruhusiwa kwa masharti mapya, yakiwemo cheti cha kiwango cha sumukuvu na usajili wa waagizaji. Afya ya mlaji ni jambo la lazima. Lakini sharti linalotangazwa baada ya gunia kupakiwa humwangukia yule mwenye mtaji mdogo kuliko wote.

Wa kaskazini nao si malaika. Januari 2016, kutokana na wimbi la wakimbizi, Sweden ilianza kudai vitambulisho kwa abiria wa treni za Øresund, na hali hiyo ikaendelea hadi Mei 2017. Mwaka 2020, wakati wa korona, miji iliyogusana ya Tornio na Haparanda ilitenganishwa kwa vizuizi, wakati uleule madereva wa malori walipokuwa wakisubiri vipimo kwenye foleni ndefu za Busia na Malaba. Mpaka ulio wazi unaweza kufungwa popote duniani. Kinachoufungua tena ni watu wanaoishi kwa kuuvuka, wakiwa na sauti ya kutosha kueleza hasara yao.

Wa Nabuyoga hahitaji kupanda ndege ili aanze. Aulize dawati la taarifa za biashara mpakani orodha ya bidhaa inasemaje mwezi huu, adai cheti chake, na apeleke kwenye chama chake cha wafanyabiashara kila sharti lililobadilika bila taarifa. Mkataba ulioanza kutumika mwaka 2000 ndio msingi wa haki hiyo.