Kabla Hujanunua Pampu, Panda Uluguru Kwanza

Leo naomba tuache kidogo mambo ya mbolea na viuatilifu, tutembee.

Kuna kijana mmoja hapa Morogoro alikodi ekari mbili kando ya kijito kinachomwaga maji Ngerengere. Akanunua pampu, akapanda nyanya mwezi wa sita, hesabu zake zote zikilenga bei ya mwezi wa tisa. Nyanya zikashika vizuri tu. Mwezi wa nane mwishoni kijito kikabaki madimbwi. Aliponipigia simu, matunda yalikuwa yameshaanza kuoza kitako. Akaniuliza anyunyizie dawa gani. Ndugu yangu, pale dawa ilikuwa maji.

Nikamwambia Jumamosi tupande mlimani. Alinishangaa, ila alikuja.

Tulianzia mjini, tukashika njia ya Morningside, lile jengo la enzi za Mjerumani. Njia inapanda ikifuatana na Mto Morogoro, huku ukipishana na akina mama wanaoshuka na ndizi na mboga kichwani, wao wanatembea kama wako tambarare, sisi tunahema. Juu zaidi unaiona Bondwa na minara yake, na kilele cha Lupanga, mita 2,138. Ukitaka kuingia msitu wa hifadhi wenyewe, pitia kwanza TFS upate kibali.

Kwenye miteremko ya katikati ndiyo nikamwonyesha nilichompeleka kuona. Shamba moja lina matuta ya ngazi, maji ya mvua yanatuama na kuzama. Shamba la jirani limelimwa kufuata mteremko, udongo mwekundu umeachwa wazi. Hapo mvua ya masika inashuka mbio, inabeba udongo, inapita chini ndani ya saa chache, halafu basi. Maji yale yale yangezama ardhini, yangekuwa yanatoka kidogo kidogo hadi kiangazi. Na msitu wa juu nao unanasa ukungu, unadondosha maji hata siku zisizo na mvua.

Msiwalaumu haraka wa mlimani. Matuta ya ngazi yaliletwa kwa amri ya mkoloni, na mwaka 1955 Waluguru waliyakataa hadi kukawa na vurugu. Tena ardhi nyingi kule inarithiwa kupitia ukoo wa mama. Anayelima kwa kukodi msimu mmoja atajisumbua kuchimba matuta kwa faida ya nani? Hata wewe usingefanya.

Jambo lingine: upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, mvua ni nyingi kuliko huku magharibi. Ndiyo maana karafuu na pilipili manga zinastawi kule. Kwa hiyo usimwone mwenzako wa mashariki anamwagilia kiangazi chote ukadhani na kijito chako kitaweza.

Sasa hesabu. Nyanya zikihitaji milimita 5 kwa siku, ekari moja inakula lita 20,000 hivi kila siku. Nenda kwenye kijito mwezi wa tisa, siyo wa nne. Kama ni kidogo, kizibe na udongo, maji yote yapite kwenye bomba, kinga ndoo ya lita 20 huku ukiangalia saa. Ikijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 7,200 kwa saa. Karibu saa tatu kwa ekari moja, kama uko peke yako. Kiukweli hauko peke yako. Hesabu pampu zote za juu yako, na waliomo chini nao wanataka kunywa. Kutoka hapo utajua ulime ekari ngapi.

Halafu ulizia kibali cha kutumia maji Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu kabla mtaji haujazama. Na usilime ndani ya mita 60 za mto, sheria ya mazingira ya 2004 imeshalisema hilo.

Yule kijana msimu huu kapanda nusu ekari, kwa matone, na kaweka matandazo. Mwezi wa tisa tunapanda naye tena, maji yakiwa chini kabisa. Safari hii kaahidi kubeba ndoo mwenyewe.