Barbara, jina ya watu wa mugodi

Jina yetu ya leo ni Barbara.

Baba mumoja wa Kolwezi, kazi yake ni kutega baruti ku karieri, alipata mutoto mwanamuke tarehe 4 Desemba. Ile siku, ku kalendari ya wakatoliki, njo sikukuu ya Sainte Barbe, mutakatifu wa watu wa mugodi. Baba akasema: « Mutoto ataitwa Barbara. » Mama wa mutoto akacheka: « Sainte Barbe? Barbe si ndevu? Unataka mutoto mwanamuke aitwe Ndevu? » Lakini kambo, mama ya baba, yeye hakucheka. Alisema: « Ile jina ni ya mutoto mwenye baba yake mwenyewe alimukata kichwa. Mi sitaki isikilike mu nyumba yangu. » Siku tatu mutoto akabakia bila jina, na baba akatuomba tueleze. Haya, tueleze.

Maana yake: mugeni

Barbara haitoke ku ndevu. Ni neno ya Kigriki. Wagriki wa zamani, wakisikia mutu wa inchi ingine anasema, masikio yao ilishika tu « bar-bar-bar ». Wakamwita barbaros, ni kusema mutu mwenye hatusikie luga yake. Barbara ni ile neno kwa mwanamuke: mugeni. Ndevu kwa Kifaransa inatoka ku neno ingine, ya Kilatini. Zamani mu Ufaransa mwanamuke aliweza kuitwa Barbe bila mutu kucheka. Leo wengi wanapenda zaidi Barbara. Warusi wanasema Varvara. Na ile poupée yenye batoto wanalilia ku soko, Barbie, ilipata jina yake mwaka 1959 kwa Barbara, binti wa mwanamuke mwenye aliitengeneza kule Marekani.

Kwa sisi watu wa Katanga, maana ile si ya mbali. Union Minière ilianza mwaka 1906, ikatafuta wafanyakazi kila upande: Rhodesia ya Kaskazini, ni Zambia ya leo, Kasai, Lomami, kisha Ruanda-Urundi. Mu kambi, mutu alisikia jirani yake anasema « bar-bar », na jirani vilevile kwake. Mukubwa wa kambi walimupa jina Tshanga-Tshanga, juu kazi yake ilikuwa kuchanganya watu. Kiswahili chenye tunaandika hapa kilikomaa mule, ku kazi na ku malango ya nyumba za kambi. Ukiuliza vizuri mu jamaa yako, utapata kambo mwenye alishuka ku treni akiwa barbara.

Binti wa munara

Sasa hadisi yenye kambo anaogopa. Inasimuliwa hivi. Mu karne ya 3, mu muji wa Nicomedia, leo Izmit mu Uturuki, kulikuwa tajiri jina yake Dioscorus. Alifungia binti yake Barbara mu munara, watu wasimuone. Munara ulikuwa na madirisha mawili. Baba aliposafiri, binti akaambia mafundi batoboe ya tatu, juu ya Baba, Mwana na Roho Mutakatifu. Njo vile baba alijua kama mutoto amekuwa mukristu. Barbara akakimbia, jiwe ikapasuka mbele yake na kumuficha ndani. Lakini muchungaji mumoja akamutoa siri. Wakamutesa, na mwisho baba akashika upanga yeye mwenyewe akamukata kichwa. Palepale radi ikapiga ule baba, ikamumaliza.

Kwa hiyo kambo hakudanganya. Lakini mwenye jina si Dioscorus. Jina ni ya mutoto mwenye hakukubali, na ule mwenye kumuua hakufika kwake na uzima.

Kanisa yenyewe, mwaka 1969, ilitoa sikukuu yake ku kalendari ya dunia nzima, juu historia yake haina ushuhuda wa nguvu. Lakini haikumufuta ku kitabu cha watakatifu, na watu wa mugodi hawakumuacha.

Alifikaje mu shimo?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni jiwe: mawe ilimufungukia, ikamuficha, haikumuponda. Nani mwingine anaomba vile kila asubui, kama si mutu mwenye anashuka chini? Ya pili ni radi. Baruti inalia sawa radi na inaua sawa radi. Kwa hiyo wapiga mizinga walimuchukua kuwa mulinzi wao. Ku merikebu za vita za Ufaransa, chumba cha baruti kiliitwa « sainte-barbe ». Mu karne ya 17 wachimbaji wa Ulaya walianza kupasua mawe na baruti, basi Barbara akakuwa wa lazima kwao pia. Wazima-moto vilevile wanamusherekea. Kule Ulaya, mbele ya kuanza kutoboa tunnel, wafanyakazi wanaweka sanamu yake ku mulango.

Kwa Wapolonia, tarehe 4 Desemba inaitwa Barbórka: watu wa mugodi wanavaa nguo nyeusi na kofia zenye manyoya, fanfare inapiga. Wabelgiji wa migodi ya makaa nao walikuwa na Sainte Barbe yao. Hata hivyo, tarehe 8 Agosti 1956, watu 262 walikufa mu moto wa mugodi wa Bois du Cazier, kule Marcinelle, inchi yenye kumuheshimu sana. Tukumbuke hii tutakapofika ku mwisho.

Kuko neno ingine ya kushangaza. Mu migodi mingi ya kwetu wanasema mwanamuke asikaribie shimo, mawe itakimbia. Mama anaruhusiwa kuosha malachite mu maji mpaka mugongo unavunjika, lakini ku mulango wa shimo wanamufukuza. Na mwenye tunaomba atulinde mule ndani, ni nani? Ni mwanamuke.

Jina yenye ilifichwa

Bazee wanakumbuka mwaka 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya kikristu. Barbara wote wakatoka ku vitambulisho, wakabakia mu nyumba na mu kanisa, mama anaita kwa sauti ya chini. Kiisha 1990 majina ile ikarudi wazi. Leo ku acte de naissance kuko nafasi ya nom, postnom na prénom, na hakuna mutu wa kulazimishwa achague kati ya kambo na mutakatifu.

Maneno yenye kulingana nayo

Ku shule Barbara hatakosa kuitwa Balabala, juu luga zetu nyingi zinageuza r kuwa l, na balabala ni njia. Asikasirike. Kwa Waswahili wa pwani, barabara ni njia kubwa, lakini ni pia « sawasawa, vizuri kabisa ».

Maneno mengine yenye mwisho sawa ya Barbara, mutu wa mugodi anayajua yote: mushahara, biashara, hasara, ishara, imara, sigara. Mama mwenye kubembeleza mutoto anaweza kuimba:

Barbara, Barbara,
baba eko mu balabala,
anakuya na mushahara,
asituletee hasara.

Na ule baba, akisikia, ajue maneno mengine ile iko kwa ajili yake. Ishara: wakipiga filimbi ya baruti, unatoka, hauulize. Imara: miti ya kushika shimo iwe imara mbele ya kushuka. Sigara: inabakia mbali na baruti. Kwa ba-creuseurs, sheria ya Kongo inakataza kupita metre 30 chini. Wengi wanapita, na Barbara hafungi shimo lenye linataka kuanguka. Marcinelle ilituonyesha.

Ile jamaa ya Kolwezi ilimaliza mambo siku ya ine. Mutoto amechukua postnom ya kambo, na prénom ni Barbara. Kambo alikubali, lakini aliomba mwana wake kintu moja: asiende tena ku kazi bila casque, sawa vile alikuwa anafanya wakati wa joto. « Jina ni ya mutoto, alisema, casque ni ya kwako. » Mama wa mutoto anatuambia kama sasa casque inatundikwa ku mulango, na kila asubui kambo anaangalia kama imeondoka.

Mara ingine tutasema juu ya Éloi, mulinzi wa mafundi wa chuma.