Taka za Kiwanda cha Chai Zitafutiwe Soko Lake, Zisirudi Kikombeni

Wengi wetu tukisikia habari ya taka za chai, fikra hutuendea kwenye machicha yanayobaki ndani ya chujio. Hizo ni taka ndogo. Zipo nyingine zinazobaki kiwandani kabla chai haijatiwa kwenye pakiti, na hizo ndizo tunazotaka kuzizungumzia leo, kwa kuwa mahali zinapoishia panamhusu kila mwenye nyumba anayenunua majani ya chai dukani.

Jani bichi la chai, liwe limechumwa Mufindi, Rungwe, Usambara au Kericho, lina maji yapatayo robo tatu ya uzito wake au zaidi. Ndiyo maana huhitajika kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai kavu. Maji hayo si taka, lakini kuyaondoa kunataka moto, na viwanda vingi vya Afrika Mashariki huupata moto huo kwa kuni. Kuni mbichi zikitiwa kwenye boila hupoteza sehemu ya joto kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani yake zenyewe. Kiwanda kinachohifadhi kuni chini ya paa hadi zikauke, na kuweka vihisio vya unyevu mahali pa kunyaushia majani ili feni zisizunguke bure, huwa kimeanza kupunguza israfu kwa njia isiyo na makuu.

Jani likishanyauka hupitishwa kwenye mashine ya kulikata, kulirarua na kuliviringisha, aina iliyobuniwa na William McKercher huko Assam, India, yapata mwaka 1930. Kisha huachwa libadilike rangi kwa hewa, hukaushwa na kuchekechwa. Katika kuchekecha ndipo taka zinapojitokeza: vikonyo, nyuzinyuzi, manyoya mepesi yanayopeperuka hewani, na chembe zilizomwagika sakafuni. Zamani vikonyo vilitolewa kwa mikono, baadaye kwa magurudumu ya plastiki yanayonasa nyuzi kwa umeme wa msuguano. Siku hizi zipo mashine zenye kamera zinazoitazama kila chembe inavyodondoka, na ile yenye rangi ya kikonyo husukumwa kando kwa mpulizo wa hewa. Faida yake ni ya pande mbili: taka haziingii katika chai, na chai njema haitupwi pamoja na taka.

Hapa tuondoe dhana moja. Ile daraja iitwayo chai ya vumbi si mafagio ya sakafuni. Ni chembe ndogo halali za jani lile lile, zenye kukoza rangi upesi, na hupigwa mnada kwa jina lake. Mafagio ni kitu kingine, na hatari iko kwenye mafagio.

Kwa kuwa taka hizo hufanana na chai, huwapo watu wa kuzipaka rangi, kuzitia kwenye pakiti na kumuuzia mnyonge asiyejua. India iliona jambo hilo mapema. Mwaka 1959 ilitoa amri maalumu ya kudhibiti taka za chai, inayomtaka mwenye nazo awe na leseni na inayodai taka ziharibiwe zisifae kunyweka, au ziende kwenye kazi nyingine iliyoruhusiwa. Kazi moja kubwa ni kutoa kafeini, ile dawa ya kuchangamsha ambayo Runge aliitoa kwenye kahawa mwaka 1819 na Oudry akaikuta kwenye chai mwaka 1827. Vikonyo na nyuzi navyo vina kafeini, na kafeini hiyo huishia katika vidonge vya maumivu ya kichwa na vinywaji baridi. Tunaliona jambo hili kuwa kiini cha mada yetu: sheria peke yake haimzuii mwenye tamaa, bali taka ikiwa na mnunuzi wa halali, kishawishi cha kuirudisha kwenye pakiti hupungua.

Wajapani wamefika mbali. Kampuni ya Ito En, inayouza chai ya kijani kwenye chupa, hubaki na shehena za majani yaliyokwisha kuchemshwa, nayo yakiwa mabichi huoza upesi. Ilibuni njia ya kuyachanganya yakiwa bado na maji katika vifaa vingine, bila kwanza kuyakausha kwa moto. Humo hutoka mikeka ya tatami, maboksi, kalamu na mabenchi. Nchini Uturuki, ambako kila mtu hunywa chai kwa wastani kuliko nchi nyingine yoyote, watafiti wamejaribu kuzigeuza taka za viwanda kuwa makaa ya kuchujia maji machafu.

Je, kiwanda cha milimani kwetu kianzie wapi? Mtambo wa kafeini unataka kemikali, wataalamu na mtaji mkubwa, nasi hatushauri kuanzia huko. Wapo wanaopendekeza nyuzi zifinyangwe kuwa mkaa wa kuchoma kwenye boila. Ni jambo jema penye uhaba wa kuni, lakini zikichomwa, naitrojeni iliyomo hupotea na moshi. Mchai huvunwa jani, na jani huondoka na naitrojeni ya shamba, ambayo mkulima huirudisha kwa kununua mbolea ya dukani. Kwa maoni yetu nyuzi hizo zigeuzwe mboji, zichanganywe na samadi, zirudi kwa mkulima mdogo aliyeleta jani.

Kwa upande wa jikoni, mamlaka ya usalama wa chakula ya India hufundisha jaribio jepesi. Tandaza majani makavu kidogo juu ya karatasi nyeupe ya kuchujia, yanyunyizie maji hadi yalowe, kisha yaondoe na utazame karatasi kwenye mwanga. Yaliyopakwa rangi huacha madoa dhahiri. Sumaku nayo ikipitishwa juu ya majani makavu hunasa unga wa chuma kama umo.

Na yale machicha ya chujioni yafaa kwa mchicha na miti ya maua, ila ya chai ya maziwa yasuuzwe kwanza, kwani sukari huita sisimizi na maziwa hutoa harufu. Vifuko vya chai vichanwe, majani yamwagwe peke yake. Vingi vimetiwa plastiki ili vigande, na plastiki hiyo haiozi udongoni.