Utangulizi: Ukuta wa Jiko

Mchoma mishikaki wa Mbagala Rangi Tatu huanza kazi jua likielekea kuzama. Jiko lake ni pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, likalazwa juu ya miguu minne ya nondo na kutandikwa wavu. Anamimina kisado cha kwanza cha mkaa, anapepea kwa kipande cha boksi, na baada ya robo saa makaa yamekuwa mekundu. Sogea hapo, ila usisimame mbele ya nyama. Simama ubavuni mwa pipa. Muda si mrefu utahisi ugoko unakuchoma. Kwa ajili ya joto hilo mti ulikatwa, tanuri likafukiwa udongo, gunia likapakiwa kwenye lori mpaka mjini, na mchomaji akalipa fedha taslimu. Sasa joto hilo linapasha miguu ya wapita njia.

Elimu ambayo kitabu hiki kinakukaribisha kuisoma inaanzia kwenye ugoko huo.

Mijadala yetu kuhusu mapishi imekuwa zaidi mijadala ya nishati: kuni au mkaa, mkaa au gesi, gesi au umeme. Ni mijadala ya maana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi ni miongoni mwa wanaotamani tufike. Lakini kati ya nishati na sufuria kuna ukuta, na huo haujadiliwi. Bati tupu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana jiko la kuta mbili, lililojazwa katikati kitu chenye vitundu vya hewa kama majivu ya pumba za mpunga au vamikulaiti, huweza kuwa na moto mkali ndani huku ubavu wake wa nje ukivumilika. Nashikilia kwamba anayetaka kulijua jiko ausome ukuta wake kabla ya kuuliza linakula nini.

Wazee wetu wa pwani waliusoma zamani. Mkate wa mofa ulibandikwa ndani ya tanuri la udongo, na ukuta ndio uliouoka. Anayepika mkate wa kumimina hupalia makaa juu ya kifuniko ili joto litoke pande mbili. Ndugu zetu walioko Oman, wakati wa Idi, hufukia nyama ya shuwa kwenye shimo lenye makaa, na ardhi yenyewe huwa ukuta, siku nzima au zaidi. Kwa hiyo unapomsikia muuzaji akilisifia jiko la kuta mbili kuwa ni uvumbuzi mpya kabisa, mkumbushe shimo.

Kama fani ya utafiti, elimu ya jiko upande wetu wa Afrika ilichangamka Nairobi mwaka 1981, ulipofanyika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati jadidifu. Katika miaka iliyofuata mafundi na watafiti wa Kenya, akiwemo Max Kinyanjui, waliliangalia jiko la ndoo la Thailand na kuzaa jiko la bati lenye kiuno, ambalo nusu yake ya juu ina bitana ya udongo uliochomwa. Kiuno kile hakikuwekwa kwa urembo. Hubeba bitana na kuutenga moto na majivu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazo hilo lilifika Dar es Salaam kwa jina la Jiko Bora, na shirika la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, likaendelea kulieneza. Leo, katika soko lolote la Temeke, ukiinua jiko la mkaa na kukuta ni zito kuliko ulivyotarajia, umeshika matunda ya kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye jiko ambalo wasomaji wengi wamelifungulia kitabu hiki: jiko la kuchomea linalotumia peleti za mbao. Ili kulielewa, anzia Keko. Kwenye karakana za samani kila randa na kila msumeno huacha maranda na unga wa mbao, na mtaani wapo wanaojua kuutumia. Unachukua kopo kubwa lenye tundu ubavuni chini, unasimamisha chupa katikati, unashindilia unga wa mbao kuizunguka mpaka uwe mgumu kama udongo, kisha unaichomoa chupa taratibu kwa kuizungusha. Linabaki shimo laini kama bomba. Moto ukiwashwa chini hupanda ndani ya shimo hilo, na unga ambao haujashika moto ndio unaoizuia harara isitoke nje. Nishati na ukuta vimekuwa kitu kimoja. Nililiona jiko la namna hiyo utotoni likiivisha sufuria ya maharage bila kuongezwa chochote, na hadi leo sijaona somo la fizikia lililonivutia kuliko lile.

Peleti ni unga huohuo ulioshindiliwa kiwandani. Ukipitishwa kwa nguvu kwenye matundu ya milimita 6 au 8, hupata moto, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti hulainika, na inapopoa huushikilia unga pamoja. Peleti nzuri inang'aa na hukatika kwa mlio. Tumbukiza moja kwenye glasi ya maji: itavimba na kurudi kuwa unga mbele ya macho yako. Kwa anayeishi Kigamboni au Kunduchi, karibu na unyevu wa bahari, jaribio hilo ni onyo tosha. Peleti zikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Jiko lenyewe la namna hii lilitokea Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa Joe Traeger. Peleti hukaa kwenye tangi, parafujo ndefu huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye bakuli la moto, feni hupuliza, na kipimajoto huamua ziingie ngapi. Kuta zikiwa mbili, peleti zinazotumika ni chache na joto halichezi upepo ukivuma. Hapo ndipo paja la mbuzi au mbavu za ng'ombe wa mnada wa Pugu, nyama iliyotembea sana na yenye mafuta machache, hufaidika: nyuzi joto 110 hadi 120, saa nyingi, mpaka mishipa yake iyeyuke. Mishikaki haihitaji haya. Imeshalainishwa kwa papai bichi, nayo hutaka moto mkali wa wazi kwa dakika chache. Anayenunua jiko la peleti kwa ajili ya mishikaki amepotea njia.

Tena parafujo na feni ni vya umeme. Ukikatika, moto unazimika. Na peleti lazima zipatikane leo, kesho na mwakani. Gisenyi, nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliuza peleti kwa kaya zilizopikia majiko ya Mimi Moto, jiko lenye jina la Kiswahili na moto safi ajabu. Ilianza mwaka 2010 na ikafunga mwaka 2020. Jiko halikushindwa kuwaka. Fedha za kuendesha kazi ndizo zilizokosekana. Kwa hiyo nakushauri: uliza habari za peleti kabla ya kuuliza bei ya jiko.

Utakutana na namna tatu za upimaji katika sura zijazo: kuchemsha maji maabara, kumpa mpishi apike chakula chake cha kawaida, na kupima nishati nyumbani kwa watu kwa siku kadhaa. Naiamini zaidi ya tatu, kwa kuwa nyumba ya Chamazi yenye mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai bado huweka maharage kwenye mkaa, na maabara hailioni hilo. Moshi pia hupimwa mahali watu wanapoishi, kama Majid Ezzati na Daniel Kammen walivyofanya Laikipia katika utafiti waliouchapisha mwaka 2001, wakiuhusisha na maradhi ya njia ya hewa. Na ukuta mzuri hauondoi kaboni monoksaidi. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata liwe bora namna gani.

Leo jioni, jiko lako likiwa limewaka nusu saa, sogeza kiganja karibu na ubavu wake bila kuugusa, uhesabu unavumilia kwa muda gani. Iandike hesabu hiyo pembeni mwa ukurasa huu, kisha karibu sura ya kwanza.