Sayansi ya Jikoni (3): Epua Kwanza, Kisha Tia Jibini

Juma lililopita tulieleza kwa nini makaroni ya Kitengela huchelewa kuiva. Mji uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hazitoshi. Leo tunaingia kwenye sosi yenyewe, ile nzito na nyororo ya maziwa na jibini.

Malalamiko ya wapishi ni yaleyale: mafuta yamepanda juu, jibini imekuwa donge la nyuzi chini, na katikati maziwa mepesi kama maji. Wengi huyalaumu maziwa, wakaenda kununua krimu ya bei ghali. Maziwa ya kaunti yetu ya Kajiado hayana kosa. Kinachoharibu ni moto.

Jibini ni protini ya maziwa, iitwayo kaseini, iliyoshikanishwa na kalisi ikawa wavu ulionasa mafuta na maji. Ikipata joto la wastani, wavu hulegea na jibini huyeyuka. Joto likizidi, protini hukazana na kuyakamua mafuta yatoke nje. Hapo sosi imekatika, na kuirudisha ni kazi.

Kinga ya kwanza ni wanga. Yeyusha vijiko viwili vya siagi kwa moto mdogo, tia vijiko viwili vya unga wa ngano, ukoroge dakika moja au mbili hadi harufu ya unga mbichi iishe. Unga uliokwisha kupakwa mafuta haufanyi mabonge. Mimina nusu lita ya maziwa kidogo kidogo, mwiko usipumzike, mpaka itokote na kuwa nzito. Pitisha kidole mgongoni mwa mwiko: njia ya kidole ikibaki wazi, sosi iko tayari kupokea jibini.

Sasa epua. Anayepikia jiko la makaa azingatie hili zaidi, maana makaa hayapunguzwi kama gesi. Subiri kidogo, kisha tia gramu 150 za jibini iliyokwaruzwa, konzi moja moja, kila konzi iyeyuke kabla ya nyingine. Ikizidi uzito, ilegeze kwa maji uliyochemshia makaroni. Nayo yana wanga. Chumvi iwe ya mwisho, kwa kuwa jibini ina yake.

Kinga ya pili ni kuchagua jibini. Cheddar iliyokaa muda mrefu ina ladha kali lakini huyeyuka kwa taabu. Ichanganye na Gouda changa. Ile ya nyumbani iliyogandishwa kwa limau haitafaa hata kidogo. Asidi huondoa kalisi iliyoshika wavu, na mapande yake hubaki mapande hata ukiyapika saa nzima. Ikaange na mchicha, utaifurahia. Kwa sababu hiyohiyo ya asidi, usitie maziwa mala kwenye sosi inayochemka. Zile jibini laini za vipande vya kufungwa kwa karatasi hazikatiki upesi kwa kuwa viwandani hutiwa chumvi maalumu zinazolegeza kalisi hiyo.

Nayo maziwa? Ng'ombe wa zebu na Sahiwal wanaofugwa Kajiado hutoa maziwa machache kuliko Friesian, lakini yenye mafuta mengi zaidi, na mafuta ndiyo krimu tunayoitafuta dukani. Kwa desturi ya Wamaasai maziwa ni mali ya wanawake, na ni wao wanaosafisha kibuyu kwa kijinga cha mti wa mzeituni mwitu. Harufu ile ya moshi haipotei sufuriani, na inaipa sosi ladha ambayo krimu ya pakiti haina. Ila maziwa mabichi, ya kibuyu au ya mashine ya mtaani, yachemshwe kwanza, kwa maana ugonjwa wa brusela hupitia humo.

Mvua ikinyesha, maziwa hujaa na bei huanguka. Kiangazi kikifika, hayaonekani. Mwenye kujua kutengeneza jibini huhifadhi neema ya mvua hadi wakati wa ukame. Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kugandisha kwa renneti jibini inayoyeyuka, kwa vyombo ulivyo navyo nyumbani.